Meno ya Noa

Nyumba ya Watoto ya Misheni,
Pongwe, Tanga.
13 Februari 1955

Kaka Asheri,

Shikamoo. Hizi ni salamu za mdogo wako Lea, mwenye afya njema na mikono mibovu. Si ile mikono mliyoiaga Maramba. Sabuni na maji ya moto vimeichubua, ukiiona utadhani ni ya Mama. Mama hajambo? Mguu wake je? Na wifi yangu Naemi, mkeka ule ameumaliza au bado anaufumua kila akikosea mstari? Mjomba Abrahamu ameniandikia toka Lushoto, nyumba yake nzima hawajambo, anawasalimu sana.

Siku ile uliposimama mbele ya usharika ukatuombea sisi wasichana watano wa kwaya, ukasema tunakwenda kuwa mikono ya Bwana kwa miezi sita, nililia. Nilijiona mtume. Basi nikwambie, mwinjilisti wangu, huku mikono ya Bwana inafua winda. Watoto ni thelathini na mmoja na kuharisha wanapokezana. Mabibi wa Kizungu wa Raskazone wanaleta nguo za watoto wao, nzuri ajabu, zenye vifungo mgongoni. Kumvika mtoto mmoja ni kazi ya watu wawili.

Sista Gerda ni mkali lakini ana haki. Ameona mwandiko wangu, akanipa na kazi ya daftari. Kanuni ya hapa ni moja: wanapokea yatima tu, tena aje na barua ya mchungaji au mwinjilisti. Mwenye baba hai hurudishwa kwao siku ileile, maana vitanda havitoshi.

Sasa neno moja, nalo usimsomee Naemi. Najua barua zangu humsomea wewe, basi hapa ruka. Kila nikimbeba mtoto wa rika la marehemu Noa wenu, moyo unaniuma. Angekuwa na mwaka na miezi mitatu. Uliponiandikia kwamba amekufa kwa homa hospitali ya Tanga, nilikuwa shuleni, sikupata hata kumlilia vizuri. Niambie amezikwa makaburi gani. Toka hapa Tanga si mbali, nitapeleka ua.

Mdogo wako,
Lea

*

Maramba, 20 Machi 1955

Mdogo wangu Lea,

Amani ya Bwana iwe nawe. Barua yako ilifika zamani, nikashikwa na kazi. Mvua imetuangusha ukuta wa nyuma wa kanisa, na mahindi yaliyosalia ghalani yameliwa na panya, wanono kuliko mbuzi wa Mama. Mama mguu wake vilevile. Asema ukirudi uje na dawa ya kuchua, si maneno ya Kizungu.

Nimecheka juu ya winda. Mtume Paulo alishona mahema, wewe fua. Utumishi hauchagui.

Habari kubwa ni ya Naemi. Ana mimba ya miezi mitano. Tumwombee. Hatoki sana nje, na mkeka ameuacha.

Kuhusu kaburi, usijisumbue. Makaburi ya mjini ni mengi na hayana alama, nami siku ile nilikuwa na huzuni, sikushika mahali. Ua lako lipeleke kanisani.

Kaka yako,
Asheri

*

Pongwe, Jumapili ya Matawi,
3 Aprili 1955

Kaka,

Shikamoo. Mungu amlinde Naemi na alichobeba. Nimefurahi, kisha furaha ikanikatikia njiani. Nitakwambia kwa nini.

Alhamisi Sista alinipa sanduku la barua za zamani nizipange kwa miaka. Nikakuta moja ya tarehe 28 Juni 1954. Sikuhitaji kusoma jina chini. Nilikuwa na miaka sita uliponishika mkono ukanifundisha herufi, na katika Tanganyika yote simjui mwingine anayekata mkia wa G namna ile. Nimeinakili hapa: "Mtoto Kristofa, miezi saba, mwana wa kibarua wa mkonge. Mama amekufa. Baba hajulikani. Mimi mwinjilisti nashuhudia kuwa ni kweli."

Kristofa namjua. Ndiye aliyeshika sketi yangu siku ya kwanza asiiache, mpaka wenzangu wakaniita mama Kristofa. Nikatoka ofisini nikaenda kumtafuta, nikamgeuza mguu wa kushoto. Krismasi ile uliponipokea likizo, nilimwogesha mtoto wako kwa maji nisiyoyapooza, nikamwunguza kisigino. Nililia kuliko yeye. Naemi akaniambia, "Nyamaza wifi, hiyo ndiyo alama atakayokukumbuka nayo." Kovu hilo nimelisugua kwa sabuni miezi miwili bila kuliuliza linatoka wapi.

Huyu ni Noa. Mbona yuko hapa, kaka? Mbona mlinifanya nimlilie mtoto aliye hai?

Nijibu upesi. Sijamwambia mtu.

Lea

*

Maramba, 1 Mei 1955

Lea,

Tumeipokea Pasaka kwa amani. Watu waliokuja ni wengi kuliko mwaka jana, na wazee wamekubali kuujenga upya ukuta.

Kibarua kufa na kuacha mtoto si jambo geni mashambani, nami nimeandika barua nyingi kama hiyo. Na kovu la moto, nani asiye nalo? Watoto wote wa Kiafrika hulelewa jikoni. Upweke umekupanda kichwani. Fanya kazi uliyotumwa, umalize miezi yako, urudi.

Mambo haya usiyaandike tena. Barua za hapa hupita mikono mingi kabla ya kufika kwangu, na Naemi si wa kutikiswa sasa. Ukiyarudia, sitajibu.

Asheri

*

Pongwe, 8 Mei 1955

Kaka Asheri,

Shikamoo. Mama salamu, Naemi salamu. Barua hii nampa Hatibu mkononi, maana lori lake linapita hapa kila Jumapili, na ameapa kwa dini yake hataitoa ila kwako. Basi hamna mikono mingi. Nijibu.

Usinifanye mtoto mdogo. Hapa kuna mpishi, mama wa Pongwe, jina lake Kijakazi, Mwislamu, amewapikia watoto hawa uji miaka tisa. Alinikuta nimemkumbatia Noa nalia. Akasema, "Huyo? Alikuja na meno mawili ya juu, chini ufizi mtupu. Kigego huyo, mwanangu. Wala si peke yake. Hapa ninao sita ninaowajua, na wote waliletwa na barua nzuri nzuri. Shukuru. Zamani hawakuwa wakiletwa popote."

Kigego! Wewe! Wewe uliyenifundisha katekisimo, uliyewacheka wazee wanaosema mtoto akitangulia kuota meno ya juu atamaliza ukoo! Nimeona haya, kaka, nimeona haya mpaka siku mbili sikuweza kuimba.

Lakini sikuandikii kwa ugomvi. Nimefikiri, na njia ipo. Noa sasa ana meno kumi na mawili, ya juu na ya chini. Nani atakayemfungua kinywa ajue yapi yalitangulia? Hakuna. Maramba wanajua, sawa, Maramba asirudi. Mjomba Abrahamu yuko Lushoto, wala hajui lolote, na mkewe hakujaliwa. Atampokea kwa mikono miwili. Kinachotakiwa ni barua yako moja tu kwa Sista: mtoto huyu ni wangu, mpe Lea ampeleke kwa mjomba wangu. Mimi siwezi kusema badala yako. Nikimwambia Sista baba yake yu hai, kanuni ni kanuni, atamrudisha nyumbani kwako, na Mama yupo.

Miezi yangu inakwisha Agosti. Barua moja, kaka. Mkono uliomfanya yatima ndio huohuo utakaomfanya asiwe.

Analala na kipande cha kanga. Sasa nimeijua kanga ile.

Lea

*

Maramba, 19 Juni 1955

Mdogo wangu,

Shikamoo yako nimeipokea, ingawa siistahili. Hatibu ameniletea barua shambani. Nimeisoma nikaikunja, nikaisoma tena. Mama hajambo. Ukuta tumefika madirishani. Naemi amebakiza mwezi.

Nitasema mara moja, kisha tusirudie.

Nilihubiri, Lea. Jumapili ile alipoota meno nilihubiri kwamba kigego ni uongo wa Shetani, nao wakaitikia amina. Nikarudi nyumbani nikamkuta Naemi amemziba mtoto kinywa kwa ziwa kila jirani akiingia. Siku ya nne baba yake Naemi akaanguka mnazini akafa. Mama akasema, "Ameanza. Bado nani?" Jumapili iliyofuata nusu ya viti vilikuwa vitupu, na waliokuja walipita mlangoni wameficha mikono, hakuna aliyetaka kunipa wake. Na Mama alikwisha kumwita bibi mmoja toka bondeni. Kaziye yule bibi naijua. Nawe unaijua: kigego akiingia kwake hatoki.

Bora nusu shari kuliko shari kamili. Nikaandika ile barua. Naemi mwenyewe alimfunga kwa kanga ya harusi yake, akampandisha lorini mikononi mwangu, wala hakulia. Toka siku ile hajalitaja jina lake, nami sijalitaja. Ulidhani namficha Naemi barua zako. Nilimsomea zote. Alisikiliza, akaenda kuchota maji.

Unasema wewe uliona haya. Mimi niliogopa. Najua si kweli na niliogopa, na hata sasa, mtoto huyu anapocheza tumboni, naogopa.

Kwa Abrahamu ni neno jema. Nitamwandikia Sista. Acha Naemi ajifungue kwanza, tumjue mtu na hali yake. Nikiandika sasa, likipatikana la kupatikana, Mama atasema ni kwa kuwa tumemgusa yule.

Kaka yako

*

Pongwe, 17 Julai 1955

Kaka,

Shikamoo, na asante kwa kusema kweli. Nimekusamehe, au nimejaribu. Salamu zote baadaye.

Surua imeingia. Ilianza na mapacha wa chumba cha nyuma, sasa wanaougua ni kumi na wawili. Tumezika mmoja, msichana. Noa bado mzima. Nimemhamishia jikoni kwa Kijakazi, analala nyuma ya magunia ya unga mbali na wenziwe, lakini Sista hapendi upendeleo na ana haki yake. Wenzangu wawili wameomba kurudi.

Mjomba Abrahamu amejibu. Mkewe ameshona shati. Shati, kaka! Kwa mtoto asiyemwona!

Andika leo. Usingoje kujifungua, usingoje ukuta. Ngojangoja huumiza matumbo. Barua ikifika Jumapili ya Hatibu, Jumatatu nampakia kwenye treni, tuko mbali na surua. Nakupigia magoti. Sijapata kumpigia mtu magoti ila Mungu.

Lea

*

Maramba, 24 Julai 1955

Mpendwa Lea,

Bwana ametenda. Alhamisi Naemi amejifungua mtoto wa kiume, mzito, ana sauti ya mpiga tarumbeta. Mama amembeba toka asubuhi, hata mguu hausemi.

Ndani ya hii nimetia barua ya Sista kama ulivyotaka. Nimeandika kweli yote. Mpe.

Asheri

*

Pongwe, 31 Agosti 1955

Kwa Asheri,

Mtoto wenu mpya Mungu amkuze. Mpe Naemi pole na hongera, achague.

Barua yako imeandikwa tarehe 24 Julai. Muhuri wa posta ni wa tarehe 26 Agosti. Nimeuangalia juani, nimewaonyesha wenzangu wausome, nisije nikawa nimekuonea. Hukumpa Hatibu, aliyepita hapo Jumapili nne, akaniambia kila mara, "Mwalimu asema bado." Ilikaa wapi mwezi mzima? Katika kitabu cha nyimbo? Ulikuwa unangoja nini, mtoto aikaribie arobaini?

Noa alianza homa tarehe 3. Tarehe 6 Sista alitupakia kwenye gari lake mpaka hospitali ya Tanga, mimi nimempakata. Walifanya waliloweza, sina neno nao. Alikufa tarehe 9, saa saba mchana, watu wanakula. Aliniita mama. Sikumsahihisha.

Mlisema amekufa kwa homa, hospitali ya Tanga. Sasa ni kweli. Kila neno uliloniandikia mwaka jana sasa ni kweli, mwinjilisti, huna uongo wowote tena. Mficha maradhi kifo humwumbua, wewe kimekusitiri.

Uliniambia makaburi hayana alama. La kwake lina ubao. Umeandikwa Kristofa, kwa kuwa daftari lasema hivyo. Tumemzika na ile kanga.

Barua ya Sista ninayo. Sikumpa. Ya nini?

Miezi yangu imekwisha. Wenzangu wameondoka jana kwa lori, wanaimba. Mimi sikupanda.

Lea

*

Maramba, 29 Januari 1956

Mdogo wangu mpendwa,

Heri ya mwaka mpya katika Bwana. Umenyamaza miezi mitano, nami sikuwa na la kukuandikia. Leo ninalo. Mama hajambo, mguu umepoa. Kanisa tumeezeka, bati tupu, mvua ikinyesha hata mahubiri hayasikiki. Mzee Zebedayo amefiwa na mkewe. Panya wamerudi.

Mtoto ameota meno. Mawili, Lea, na yote ya chini! Mama ndiye aliyeyaona wa kwanza, kijiko kiligonga, akapiga vigelegele mpaka jirani wakadhani tumeoza binti. Jumapili nilisimama mlangoni baada ya ibada nimembeba, na kila aliyetoka alimwangalia kinywa akanipa mkono. Wote. Hata wale. Nililia mbele ya watu, sikuona haya.

Naemi bado humfungua kinywa kila asubuhi kuhakikisha. Namwambia yamekwisha kutoka, hayawezi kubadilika.

Tutambatiza Pasaka, na tunataka wewe usimame naye. Jina tumempa Noa. Tumeona jina lisipotee.

Ile karatasi niliyomwandikia Sista, kama ungali nayo, ichome.

Kaka yako akupendaye,
Asheri

*

Pongwe, 12 Februari 1956

Kaka Asheri,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Kijakazi hajambo, watoto sasa ni ishirini na wanane. Msalimu Mama, na Naemi mwambie mkeka aumalize.

Karatasi nimeichoma jikoni, chini ya sufuria ya uji.

Pasaka sitakuja. Sista amenifanya mwandishi wa daftari, na kazi haina likizo.

Juzi tumeletewa mtoto wa kike, miezi minane, toka upande wenu. Barua ni ya mwinjilisti mwingine, simjui, mwandiko wake mbaya. Yasema yatima. Nilimfungua kinywa nikaona, Kijakazi naye akaona, tukaangaliana. Kanga aliyofungiwa ilikuwa mpya na imepigwa pasi. Huyu mama yake yuko mahali, anachota maji.

Sista akaniuliza, "Lea, barua hii ni ya kweli?" Nilikumbuka yote niliyokutukana, kaka. Nikisema si kweli, anarudishwa siku ileile, na wewe wajua anarudishwa kwa nani.

Nikachukua kalamu, nikaandika kwa mwandiko ulionifundisha: Mama amekufa. Baba hajulikani.

Lea